Sauti Mpya ya Mzee Kihongwe

Ninyi mliokulia Singida mjini enzi televisheni zikiwa bado na chogo mtanielewa haraka. Tulipokuwa wadogo, Jumamosi haikuanza asubuhi. Asubuhi ilikuwa ya kufua sare, kuchota maji na kupigwa na upepo ule wa kwetu usio na adabu, unaokutia mchanga mdomoni hata ukiwa umeufunga. Jumamosi yenyewe ilianza saa kumi jioni, katuni ya Mzee Kihongwe ilipoingia hewani. Ilipofika saa tisa na nusu, watoto wa mtaa mzima wa Mandewa tulikuwa tumeshajipanga mlangoni kwa Mama Editha, miguu tumeosha, ndala tumeshika mkononi.

Mama Editha alikuwa muuguzi mstaafu, na televisheni yake ndiyo ilikuwa pekee mtaani kwetu. Alitupokea mmoja mmoja. Hakutaka shikamoo ya kwaya. Kila mtoto alitoa yake, naye alijibu "marahaba" huku akikagua miguu. Mwenye tope alirudishwa. Mwenye mafua alikaa nyuma. Mifukoni tulikuwa na alizeti za kukaanga, na maganda tuliyakusanya kiganjani kama mali, kwa sababu ganda moja likionekana kwenye zulia lake, mtaa mzima ungefukuzwa wiki mbili. Nje palikuwa na mti mrefu wenye antena, na daima kulikuwa na mmoja wetu anayeuzungusha huku sisi tukipiga kelele dirishani: "Hapo hapo! Rudisha! Umepitiliza!"

Watoto wa siku hizi wana katuni asubuhi, mchana na jioni, na bado wananuna kwamba hakuna cha kutazama. Sisi tulikuwa na nusu saa kwa wiki, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa chenga.

Mzee Kihongwe alikuwa punda. Baba ndiye aliyetueleza kwamba kihongwe ni jina jingine la punda, na tangu siku hiyo tulijiona wasomi. Alibeba mizigo ya kijiji chake kupeleka mnadani, na mgongoni hakukosa jogoo mmoja mjuaji aliyempigia kelele njia nzima. Mchoraji alikuwa amempaka rangi ya bluu, sijui kwa nini, akampa tumbo la mviringo na meno ya kucheka. Lakini hatukumpendea sura. Tulimpendea sauti. Ilikuwa sauti ya mtu mzima wa bara, nzito, iliyokwaruza kidogo, isiyo na haraka. Jogoo akimwambia kwamba amechoka, Mzee Kihongwe alinyamaza kidogo, akavuta pumzi, kisha akasema: "Mimi sijachoka. Barabara ndiyo imechoka."

Hapo tulianguka kwa kicheko. Neno hilo lilihamia kila mahali. Shuleni, mwalimu alipotuuliza kwa nini tunaburuta majembe, alijibiwa kwamba barabara imechoka, na tulichapwa wote. Baba yetu, aliyekuwa seremala, mtu asiyecheka ovyo, nilimsikia siku moja akilisema peke yake huku akipiga randa.

Sasa nimtaje mdogo wangu, kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu.

Mwajuma alinifuata kwa miaka miwili. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua surua vibaya sana, na alipopona macho hayakurudi. Wazazi wetu hawakumficha ndani kama wengine walivyofanya. Mama alimfundisha kuchambua mlenda kwa kugusa, na mchezo wa mdako alicheza kwa kusikiliza kijiwe kinavyoanguka, akitushinda sisi wenye macho mpaka tukamshtaki kwamba anaibia. Baba aliniita siku moja karakanani kwake, akaniweka juu ya rundo la mbao, akaniambia, "Asha, wewe ndiye macho yake. Ukiona kitu, mwambie."

Nililichukulia neno lile kama cheo. Kwa Mama Editha nilikaa naye bega kwa bega, nikimnong'oneza sikioni kila kilichopita: sasa punda anapanda kilima, sasa anacheka, sasa jogoo ameruka. Niliongea mfululizo, na nilikuwa na uhakika kwamba bila mimi asingeambulia kitu.

Jumamosi moja, kijiji cha katuni kilikuwa kinajadili kumuuza Mzee Kihongwe kwa sababu amezeeka. Kwenye kioo alikuwa na meno yake yale yale ya kucheka, basi nikamnong'oneza mdogo wangu, "Anacheka." Mwajuma akanisukuma kwa kiwiko.

"Nyamaza dada," alisema. "Huyu analia."

Nikatazama tena. Punda alikuwa anacheka, wazi kabisa. Lakini mashavu ya Mwajuma yalikuwa yamelowa. Watoto wengine walianza kulia baadaye, jogoo alipoeleza kwamba Mzee Kihongwe hajala siku mbili. Mwajuma alikuwa ametutangulia sote kwa dakika nzima. Mimi nilinuna njia nzima ya kurudi nyumbani, maana nilihisi nimevuliwa cheo.

Na siku hiyo hiyo, tukiwa tunavaa ndala nje, alisema kitu kilichofanya achekwe mwezi mzima.

"Huyu mtu ni wa kwetu. Anaongea kama watu wa Issuna. Kama wale wajomba wanaoleta vitunguu."

Elibariki, mtoto wa jirani ambaye alijua kila kitu, karibu aanguke kwa kucheka. "Issuna! Watu wa kwenye televisheni wanatoka Dar es Salaam, wewe! Issuna kuna umeme?" Nami, nikiwa bado nina kinyongo, nikacheka pamoja nao. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko nipendavyo.

Alipotimiza miaka minane, Mwajuma alipelekwa shule ya bweni ya watoto wasioona, mkoa mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Mama alirudi kutoka kumpeleka akiwa amevimba macho. Mwajuma aliporudi likizo ya kwanza nilimuuliza kama alikuwa analia kule. Akasema alilia siku zote isipokuwa Jumamosi, kwa sababu kwenye bwalo lao kulikuwa na televisheni, na saa kumi ikifika, mtu wa nyumbani alikuwa anaongea. Hakusema punda. Alisema mtu wa nyumbani.

Baadaye katuni ile iliisha kama vitu vya enzi zetu vilivyokuwa vikiisha, bila tangazo. Jumamosi moja tulienda na miguu misafi, tukakuta taarab. Tukangoja wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kisha tukaota ndevu na matiti, tukasahau.

Mwajuma leo ni mwalimu. Anawafundisha kusoma kwa vidole watoto wasioona, na kwa nidhamu ya darasa lake hata walimu wenye macho wanamwogopa. Mimi nina duka la vitambaa, nina binti mmoja, Latifa, wa miaka saba, na ninaishi Mandewa ile ile ingawa majabali tuliyochezea yamegeuka misingi ya nyumba za watu. Mwaka huu ikaja habari kwamba Mzee Kihongwe anarudi, mpya, mwenye rangi kali na wimbo mpya. Kundi letu la simu la tuliokua pamoja lilikuwa limelala miaka, limebaki la kutangaziana misiba. Siku hiyo liliamka. Watu wazima wenye vitambi walitumiana punda wa bluu asubuhi mpaka jioni.

Nikawaita kwangu Jumamosi ya kwanza. Mwajuma alikuja mapema, amevaa gauni lake la sikukuu. Elibariki alikuja na mkewe. Siku hizi ana mashine ya kukamua alizeti, na harufu ya mashudu huingia chumbani kabla yake. Nilichemsha chai ya maziwa, nikakaanga karanga. Latifa alikaa mbele, haelewi kwa nini wakubwa wote wamenyamaza kama wako msikitini.

Wimbo ukapita. Kilima kikaonekana. Punda akatokea, bluu ileile lakini inang'aa, akafungua mdomo.

"Oyaa wanangu, niaje! Kuchoka ni kwenu, mimi mzuka mwanzo mwisho!"

Sijui nilieleze vipi. Fikiria umebisha hodi kwa mama yako mzazi, na mlango ukafunguliwa na mtu usiyemjua aliyevaa khanga za mama. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba, ya haraka, inayorukaruka kama mtu anayenadi viatu stendi. Elibariki alibaki na karanga mkononi, mdomo wazi. Mimi nilitazama rimoti, kana kwamba nimebonyeza kitu nikaharibu. Latifa alikuwa anacheka mpaka anajigaragaza.

Mwajuma aliweka kikombe chini. Alikiweka vibaya, ukingoni mwa meza, yeye ambaye hajawahi kukosea meza. Kikaanguka, chai ikamwagika, wala hakushtuka kwa mlio wake.

"Huyu nani?" akauliza.

"Si ndiye Mzee Kihongwe, mama mdogo!" Latifa akamjibu.

"Nauliza nani anaongea."

"Punda, mama mdogo. Huyo punda wa bluu."

Mwajuma akanigeuzia uso. "Dada, yuko wapi?"

Nikaanza kumweleza, kwa mazoea ya zamani, kwamba yupo, ndiye huyo, anapanda kilima, ana kapu mgongoni. Nikaishia katikati. Ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiuliza. Kwetu sisi punda alikuwepo pale kwenye kioo, amebadilishiwa sauti tu. Kwa Mwajuma hakuwepo kabisa. Alikuwa amekuja na gauni la sikukuu kuonana na mtu, na mtu huyo hakutokea.

Hakungoja kipindi kiishe. Aliomba fimbo yake, akaenda kukaa barazani.

Kundi la simu liliwaka moto. Mmoja aliandika kwamba ametetemeka. Mwingine alisema watengenezaji wametukosea heshima, mwingine kwamba wamemfukuza mzee wa watu ili waweke mtoto wa mjini, na neno "wamemfukuza" likashika, likarudiwa mpaka likawa kweli. Elibariki alirekodi ujumbe wa sauti wa dakika tano wa hasira tupu, na katikati yake mkewe anasikika akimwambia, "Baba Neema, ni punda huyo." Mimi pia niliandika maneno makali, siwafichi. Simu ya Mwajuma humsomea ujumbe wote kwa sauti kavu ya mashine, basi alikaa akisikiliza mashine ikisoma matusi yetu. Hakuchangia. Siku ya tatu akatuma neno moja tu la sauti: "Yuko hai?"

Hakuna aliyejua. Kumbe katika kelele zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Jina lake hatukulijua. Majina ya mwisho wa katuni yalipita Mama Editha akiwa ameshasimama kutufukuza.

Jibu lilikuja jioni, kutoka kwa Pendo, tuliyekaa naye dawati moja, ambaye siku hizi ameolewa wilaya ya Ikungi na ana duka la mbolea. Alirekodi huku akicheka: "Jamani, mnamlilia mtu mzima na afya yake! Yuko huku, ni mteja wangu. Anaitwa Mzee Samweli. Analima vitunguu Issuna, na huku wote tunamwita Kihongwe."

Nilikuwa na Mwajuma nilipousikiliza ujumbe ule. Nikaurudia mara mbili.

"Issuna," nikasema.

Mwajuma alikuwa amekaa wima kabisa. "Nilisema," akajibu. Halafu tena, taratibu zaidi, kama anamwambia yule mtoto wa miaka saba tuliyemcheka, "Si nilisema?"

Nilimwomba msamaha siku hiyo, miaka mingi nimechelewa. Aliniambia niache upuuzi, nikate tiketi.

Tulipanda basi la kwenda Manyoni Jumapili asubuhi. Njia nzima Mwajuma alikuwa anatengeneza mtandio wake, anaufungua, anaufunga. Pendo alitupokea barabarani, akatupitisha kwenye mashamba mpaka kwenye nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiliwa. Vitunguu vilikuwa vimetandazwa juani juu ya turubai, na kando yake, kwenye kiti cha kamba, alikaa mzee mwembamba mwenye kitambaa cheupe shingoni. Mkewe alitutolea viti, akatukaribisha kwa sauti kubwa, kama mtu aliyezoea kuongea kwa niaba ya wawili.

"Shikamoo mzee," Mwajuma akasema, na uso wake ulikuwa umeelekea kiti kile barabara.

"Marahaba."

Haikuwa sauti. Ilikuwa hewa. Ilikuwa kama karatasi inayoburutwa sakafuni. Mwajuma alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kucha zake ziliniingia.

"Dada, huyu ndiye?"

"Ndiye," nikamwambia, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Mkewe alitueleza. Koo lilikuwa limeota uvimbe. Alifanyiwa upasuaji hospitali kubwa, akapona, namshukuru Mungu, alisema mama yule, lakini sauti ilibaki kule kule mezani kwa daktari. Wenye katuni walimpigia kabla ya kumtafuta mtu mwingine yeyote. Walikuwa wanamtaka yeye.

"Nilipokea mwenyewe," mzee akanong'ona, na sote tuliinama mbele kumsikia. "Nikasema haloo. Wakanyamaza. Walinyamaza sana. Basi nikajua wamesikia." Akapumzika. "Nikawaambia watafute mtoto mwenye pumzi. Yule kijana nilimchagua mimi. Walinichezea sauti sita kwenye simu, nikasema huyo."

Nilijihisi nimepigwa kofi. Siku tatu nzima tulikuwa tumewatukana watu kwa kumfukuza mtu ambaye hakufukuzwa, na kijana tuliyemwita mwizi wa sauti alikuwa amechaguliwa na mwenye sauti. Nikaitazama simu yangu kwenye mkoba nikatamani iungue.

"Lakini mzee," Mwajuma alisema, "yule hafanani na wewe hata kidogo."

Mzee alicheka. Mabega ndiyo yaliyocheka, hakuna kilichotoka. "Angefanana na mimi angekuwa ananiiga. Mtu akikuiga wanakucheka wewe." Kisha akamtazama vizuri, akatazama fimbo. "Na wewe mwalimu, Pendo ananiambia ulikuwa hukosi katuni yetu. Ulikuwa unamwona vipi punda yule?"

"Sikumwona, mzee. Nilimsikia."

"Hivyo ndivyo ninavyouliza. Ulimsikia yukoje?"

Sikuwahi kumuuliza hilo. Miaka yote ile ya kumnong'oneza, sikuwahi hata mara moja kumuuliza yeye. Mwajuma alifikiri, mikono juu ya fimbo.

"Alikuwa mrefu. Amekonda. Rangi sijui, lakini manyoya yamechakaa, mtu ukimpapasa unapata mavumbi. Na alikuwa na goti bovu, mguu wa mbele. Ndiyo maana kabla ya kuongea alivuta pumzi. Alikuwa anahamisha uzito kwanza, mguu usimuume."

Mzee Samweli aliacha kutabasamu. Alimwita mkewe kwa kidole, ingawa mkewe alikuwa amesimama pale pale.

"Umesikia anavyosema?"

"Nimesikia, baba."

"Nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia. Mimi nimwambie lini?"

Ikabidi tumngoje apumzike. Aliomba maji. Alipoanza tena aliongea polepole sana, na Mwajuma alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Alisema siku za kurekodi walimweka kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani, wakampa karatasi za kusoma. Picha zilikuwa zinachorwa mji mwingine, hazijafika. Akauliza punda huyo yukoje, wakamwambia soma tu, mzee. Basi akamtumia punda aliyemjua, wa baba yake, aliyekuwa anachota naye maji utotoni. Punda yule aliteleza kwenye mawe kisimani akavunjika goti la mbele, likaunga vibaya. Baba yake alikataa kumchinja. Akaendelea kutembea miaka mingi, na kila kabla ya kuondoka alisimama kwanza, akavuta pumzi.

"Siku walipotuonyesha kwenye televisheni," alisema, "nilishtuka nusura nitoke. Wamenichorea kitu kinene, cha bluu, kinacheka! Nikasema, basi, punda wa baba hakuna mtu atakayemwona." Akampapasa Mwajuma mkono. "Kumbe wewe ulimwona."

Mwajuma alilia pale. Mzee naye alilia, bila sauti, na mkewe akaenda jikoni akajifanya anatafuta chumvi. Mimi nilikaa katikati ya vitunguu nikiwa nimepigwa na butwaa. Mimi, macho yake. Miaka mitatu, kila Jumamosi, nilikuwa namwambia sikioni habari za punda mnene wa bluu anayecheka, na yeye kwa adabu yake alikuwa ananivumilia.

Tulikula ugali wa uwele kwa kuku wa kienyeji, tukafungiwa vitunguu, tukarudi. Ndani ya basi niliandika kwenye kundi habari zote kama zilivyokuwa. Wa kwanza kujibu alikuwa Elibariki. Aliandika kwamba amefuta ule ujumbe wake, na kwamba Jumamosi atamtazama tena yule kijana, kwa heshima ya mzee.

Tumekuwa tukimtazama. Sisemi tumempenda. Mwajuma humsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, Latifa mapajani, na wiki ya pili alitoa hukumu yake: "Pumzi anayo. Ila hajawahi kukaa na punda. Wamlete Issuna akae mwezi mmoja." Latifa alisema yeye anampenda hivyo hivyo, na mama mdogo wake akamjibu kwamba ana haki, huyo ni wake.

Vipindi vya zamani havipo. Mzee Samweli alituambia mikanda ile ilirekodiwa juu yake vitu vingine, mikanda ilikuwa ghali. Kwa hiyo hakuna wa kumwonyesha Latifa tulichokuwa nacho, na nikijaribu kumwigizia ananionea huruma. Enzi zetu sauti ikipita imepita. Ulikuwa unaisikiliza kama unavyomsindikiza mgeni barabarani, ukijua basi likija ndio basi. Leo mwanangu anamsimamisha punda kwa kidole katikati ya neno, anakwenda kula, anarudi anamkuta amengoja na mdomo wazi. Kuna siku namwonea wivu. Kuna siku namhurumia kwa sababu hana anachokiogopa kukikosa. Kisha Mwajuma ananiambia, "Dada, nyamaza, mtoto anasikiliza," nami nanyamaza.